Jozi za Nyukleoni Katika Kiini cha Atomu: Asili Yake na Namna ya Kuieleza

Katika makala hii tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi jambo lililo dogo mno kwa kipimo na kubwa mno kwa matokeo, nalo ni ile tabia ya chembe za kiini cha atomu kukaa mbili mbili. Twajua kwamba muhtasari wa shule ya msingi haumtaki mwalimu afundishe habari hii. Hata hivyo watoto huuliza wasiyofundishwa, na mwalimu ambaye ujuzi wake unakoma pale pale unapokoma muhtasari huwa kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo: hatua moja tu ya mtoto yatosha kumtumbukiza. Zaidi ya hayo, tunayo sababu yetu wenyewe ya kuandika, nayo si ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado wageni katika kazi ya ukufunzi, tuliwafundisha wanachuo wetu kwamba ndani ya kiini protoni na nyutroni "huoana", mume na mke, na kwamba ndoa hizo ndizo zinazokizuia kiini kisisambaratike. Mfano ulipendwa. Wanachuo walicheka, wakauandika, nasi tukaenda zetu tumeridhika. Muhula uliofuata mmoja wao alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, darasa la saba, somo la maada. Sisi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa, fomu ya tathmini ikiwa magotini. Aliandika ubaoni kwamba kiini cha chuma kina protoni 26 na nyutroni 30, kisha akaleta ule mfano wa ndoa. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, na wale wake wanne waliobaki wameolewa na nani?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mwanafunzi akalitafuta jibu, akalikosa, akamwambia mtoto aketi na aache utani. Nasi tukaandika katika fomu: "Hakulimudu darasa," tukampa alama ya chini.

Jioni alikuja ofisini. Alitoa shikamoo, hakubisha, hakulalamika. Alilifungua daftari lake juu ya meza yetu na kuweka kidole kwenye ukurasa. Maneno yalikuwa yetu, neno kwa neno, na tarehe ya kipindi chetu imeandikwa juu yake. Alama tuliirekebisha jioni ile ile. Lakini swali la yule msichana halikuwa la kurekebishwa kwa kalamu, na ndilo tunalojaribu kulijibu hapa, kwa kuchelewa.

Shufwa na witiri

Na tuanze na yale yanayopimika, kwa kuwa ndiyo yasiyobishaniwa. Kiini cha atomu kimeundwa kwa chembe za aina mbili: protoni zenye chaji chanya, na nyutroni zisizo na chaji, ambazo James Chadwick alizigundua mwaka 1932. Kwa jina la pamoja chembe hizi huitwa nyukleoni. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake. Idadi ya nyutroni yaweza kubadilika, na kila badiliko hutupa isotopu nyingine ya elementi ile ile.

Mfano tunaoupenda kuliko yote ni stani, ile metali laini ipakwayo ndani ya makopo ya vyakula na kuchanganywa na risasi katika kulehemu nyaya za redio. Kiini cha stani kina protoni 50. Isotopu zake zilizo thabiti ni kumi, idadi isiyofikiwa na elementi nyingine yoyote, nazo zina jumla ya nyukleoni 112, 114, 115, 116, 117, 118, 119, 120, 122 na 124. Mwanachuo na azihesabu: zenye nyutroni shufwa ni saba, zenye nyutroni witiri ni tatu tu. Hapo penyewe pana fununu.

Fununu hiyo huwa ushahidi tunapouliza ni nishati kiasi gani inahitajika ili kung'oa nyutroni moja tu kutoka katika kiini. Nishati za namna hii hupimwa kwa megaelektrovolti, ambayo moja yake ni nishati aipatayo elektroni inaposukumwa na volti milioni moja. Kwa stani-116 jibu ni kama 9.6, kwa stani-117 ni 6.9, kwa 118 ni 9.3, kwa 119 ni 6.5, kwa 120 ni 9.1, kwa 121 ni 6.2, na kwa 122 ni 8.8. Tafadhali chora namba hizi kwenye karatasi ya mraba kabla hujaendelea kusoma. Utapata meno ya msumeno: juu, chini, juu, chini, bila kukosea hata mara moja. Nyutroni inayoikamilisha jozi hung'oka kwa shida. Nyutroni iliyo peke yake hung'oka kwa urahisi zaidi. Ukichukua nusu ya tofauti kati ya jino la juu na jirani yake wa chini, tuseme kati ya 9.1 na 6.5, unapata 1.3. Hicho ndicho kipimo cha nguvu ya jozi katika stani.

Ni kidogo. Nishati yote inayokifunga kiini cha stani-120 ni kama megaelektrovolti 1,020, kwa hiyo jambo tunalolizungumzia ni kama shilingi moja na senti thelathini katika deni la shilingi elfu moja na ishirini. Mwalimu asishangae, basi, kwamba wataalamu waliliweka kando kwa muda katika hesabu zao za kwanza. Lakini shilingi hiyo moja ndiyo inayoamua mambo mengi. Kila kiini kilichopimwa chenye protoni shufwa na nyutroni shufwa, kikiwa kimetulia, kina jumla ya mzunguko iliyo sifuri, na hakijapatikana kighairi hata kimoja. Viini vyenye witiri pande zote mbili ni adimu mno: vilivyo thabiti ni vya hidrojeni-2, lithi-6, boroni-10 na nitrojeni-14, tukiacha kando tantali-180 ambayo ina kisa chake peke yake. Tena stani-120 haipokei msisimko wowote mpaka ipewe karibu megaelektrovolti 1.2, ilhali jirani yake, stani-119, huridhika na 0.024 tu.

Njia moja, pande mbili

Sasa tuulize kwa nini. Kani inayozivutanisha nyukleoni ina nguvu nyingi na mkono mfupi. Hufanya kazi zikiwa zimekaribiana kwa kiasi cha femtometa moja au mbili, yaani sehemu moja au mbili za milioni ya milioni ya milimita. Zikisogeleana zaidi ya hapo, chini ya nusu femtometa hivi, husukumana kwa ukali. Nusu-kipenyo cha kiini cha stani ni kama femtometa 6. Kwa hiyo nyukleoni iliyo upande mmoja haimjui kabisa mwenzake aliye upande wa pili. Hujuana na majirani tu.

Pamoja na hayo, mvuto wa majirani wote ukijumlishwa huwa kama bakuli moja laini ambamo kila nyukleoni huzunguka katika njia yake. Picha hii ya njia zilizopangwa kwa maganda ilitolewa mwaka 1949 na Maria Goeppert Mayer huko Chicago, na kwa upande mwingine na Hans Jensen na wenzake nchini Ujerumani. Mayer na Jensen walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963. Mayer hakuishia kwenye maganda. Alionyesha pia, mwaka 1950, kwamba kani yenye mkono mfupi ingezifanya chembe mbili za aina moja zilizo katika ganda moja zipendelee kuifuta kabisa jumla ya mizunguko yao.

Kulieleza jambo hili kwa maneno ni kazi ngumu, na hapa tunamshauri mwalimu aache maneno atafute ringi mbili za baiskeli za kipimo kimoja. Azishike zikiwa na kitovu kimoja lakini zimeinamiana. Wanafunzi wataona kwamba zinakutana mahali pawili tu. Kisha azilaze moja juu ya nyingine: sasa zinagusana mzingo wote. Kama kani ina mkono mfupi, chembe mbili zitafaidika zaidi zikiwa katika njia zilizolaliana, kwa sababu huko ndiko zinakokutana mara nyingi. Lakini kanuni ya Pauli ya mwaka 1925 yakataza chembe mbili za aina moja kuwa katika hali ile ile moja. Haziwezi kwenda njia moja, upande mmoja. Inabaki ruhusa moja: njia ile ile, pande mbili zinazopingana, moja kulia na nyingine kushoto. Mizunguko yao hufutana, jumla inakuwa sifuri, na ile sifuri isiyo na kighairi tuliyoitaja imepata maelezo.

Hapana budi tuonye kwamba ringi ni ringi, na nyukleoni si kitu kinachokimbia juu ya reli. Nyukleoni imetandaa katika njia yake kama wingu, na kulaliana tunakokusema ni kulaliana kwa mawingu mawili. Mfano wa ringi unasaidia kufika mlangoni. Usiukokote mpaka ndani.

Jambo la pili ni tamu zaidi, na vitabu vingi vya shule hulipita. Jozi haikai katika njia yake moja. Katika stani, nyutroni 50 za kwanza zimejaza maganda ya chini yasiyo na nafasi. Zilizobaki zina nafasi 32 katika ganda linalofuata, yaani njia-pacha 16. Stani-120 ina nyutroni 70, hivyo ziko jozi 10 za kugawana njia-pacha 16. Jozi iliyo katika njia moja-pacha yaweza kuruka pamoja hadi njia-pacha nyingine iliyo tupu, kwa kuwa jumla ya mzunguko inabaki sifuri vile vile. Kila mruko mmoja huleta faida ndogo. Lakini miruko ni mingi, na yote huelekea upande mmoja, kama wavuvi wa pwani wanaovuta juya: kila mmoja akivuta kwa wakati wake, wavu hausogei, wakivuta kwa neno moja, wavu unakuja. Huo mvuto wa pamoja ndio uzito halisi wa jozi. Kulaliana kwa ringi peke yake kusingetosha.

Hapa ndipo tunapoweza kuelewa taabu ya nyutroni ya witiri. Si kwamba imekosa mwenzi tu. Imekaa katika njia-pacha moja na kuiziba, kama mtu aliyeketi na mzigo wake katikati ya uchochoro, na jozi zote zingine zimepoteza njia ya kupitia. Hasara yake ni ya kijiji kizima.

Wawili wasioshikamana peke yao

Mwanachuo mwerevu atauliza: kama nyutroni mbili huvutana hivi, kwa nini hatuokoti viini vya nyutroni mbili tupu? Kwa hakika havipo. Nyutroni mbili zilizoachwa peke yao katika nafasi tupu huvutana karibu sana na kiasi cha kushikamana, lakini kiasi hicho hakifikiwi. Zinakosa kidogo tu. Protoni na nyutroni ndizo zinazofaulu, na ndoa yao ni kiini cha hidrojeni-2. Pengine ndiyo iliyotupotosha sisi na mfano wetu.

Jibu la fumbo hili lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1956 Leon Cooper, akiwaza habari za metali zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote zikiwa katika baridi kali, alionyesha kwamba wenzi wawili wanaovutana kidogo mno hawawezi kushikamana wakiwa peke yao, bali huweza wakiwa juu ya umati wa wenzao. Sababu yake ni kwamba umati umekwisha kuzijaza nafasi zote za chini. Chembe mbili zilizo juu ya umati hukuta, pale pale kwenye ukingo, nafasi nyingi ambazo kuhamia kwake hakugharimu karibu chochote. Katika nafasi tupu kila mruko una gharama yake, na mvuto dhaifu hauwezi kuilipa. Ukingoni mwa umati gharama ni karibu na bure, na hata mvuto dhaifu hutosha. Mwaka 1957 John Bardeen, Cooper na Robert Schrieffer walikamilisha nadharia nzima ya metali hizo, na mwaka 1958 Aage Bohr, Ben Mottelson na David Pines walichapisha hoja kwamba viini vya atomu vina tabia inayofanana nayo. Spartak Belyaev akaifanyia hesabu za kina mwaka 1959.

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Wenzi ambao hawangeshikamana jangwani hushikamana sokoni, na soko lenyewe ndilo linalowashikamanisha. Ndiyo maana neno "jozi" lisituletee picha ya punje mbili zilizogandana. Upana wa jozi waweza kukaribia upana wa kiini chote, na kati ya wenzi wawili hupita wengine wengi.

Kitanda cha kamba

Mpaka hapa tumesema kana kwamba mvuto wote hutoka katika kani ya moja kwa moja kati ya nyukleoni mbili. Lakini uko mlango wa pili. Katika metali, elektroni mbili zina chaji ya aina moja na zingesukumana. Kinachozivutanisha ni mtikisiko wa atomu zilizo kandokando. Je, si jambo kama hilo laweza kutokea ndani ya kiini? Naam, laweza. Uso wa kiini si mgumu; hupwita kama tone la maji. Nyukleoni moja ipitapo huubonyeza, na nyingine ifikapo huukuta umebonyea.

Yeyote aliyewahi kulala wawili katika kitanda cha kamba kilicholegea anaijua habari hii bila kusoma fizikia. Kamba hulegea chini ya mmoja, na mwenzake hujikuta anaviringika kumfuata, ingawa hakuna aliyemvuta mwenziwe. Tofauti iliyopo ni kwamba katika kiini bonde hubaki kwa muda kidogo baada ya mpitaji wa kwanza kwenda zake, na mwenzake huja kulikuta baadaye.

Ni sehemu gani ya jozi hutoka katika mlango wa kwanza, na ni ipi hutoka katika wa pili? Kundi la watafiti la Milano na wenzao walifanya hesabu za stani-120 na kupata kwamba kani ya moja kwa moja hutoa karibu nusu tu, na kitanda cha kamba, kama tukiruhusiwa kusema hivyo, hutoa iliyobaki. Kundi jingine, mwaka 2009, lilipata kwamba kani ya moja kwa moja yatosha kuleta karibu kiasi chote. Ilipofika mwaka 2012 ikaonekana kwamba nyukleoni tatu zikikaribiana kwa pamoja kuna kani ya ziada, nayo hupunguza jozi. Wakiihesabu hiyo, watafiti walipata asilimia 70 hivi ya kiasi kinachopimwa, na iliyobaki huachiwa mtikisiko wa uso na mengineyo. Sisi twaona hesabu hii ya mwisho ni ya haki kuliko zilizotangulia, kwa kuwa imeacha nafasi kwa milango yote miwili, ingawa mgawanyo kamili ungali unabishaniwa. Mwalimu asione haya kusema mbele ya darasa kwamba jambo hili bado linatafutwa. Watoto hupenda kusikia kwamba wamebakiziwa kazi.

Mayai, mafiga na urani

Matokeo ya jozi ni mengi. Tutayapitia machache, yale yanayoweza kuletwa darasani.

La kwanza lahitaji mayai mawili, moja bichi na moja la kuchemsha. Yazungushe yote mawili juu ya meza. Lililochemshwa huzunguka upesi kama pia. Bichi husitasita, kwa kuwa uoevu wa ndani haulifuati ganda. Kisha ligusishe kidole lile bichi, lisimame, na uondoe kidole mara moja: litaanza kuzunguka tena lenyewe, kwani ndani yake uoevu haukusimama. Sasa, vipo viini vilivyorefuka kama mayai, kwa mfano vya erbi na disprosi, navyo huzunguka. Vilipopimwa vilionekana kuwa vyepesi kuzungushwa kuliko ambavyo vingekuwa kama vingekuwa vigumu kotekote. Kipimo chao kilikuwa kama theluthi hadi nusu tu ya kilichotarajiwa. Jozi ndizo zinazolifanya jambo hilo: sehemu ya kiini hukataa kufuata mzunguko, kama ndani ya yai bichi. Mfano unakatika mahali pamoja, nako ni kwamba uoevu wa yai una msuguano na hatimaye hulichosha yai, ilhali uoevu wa kiini hauna msuguano hata kidogo.

La pili ni la jikoni vile vile. Heli ya kawaida ina protoni mbili na nyutroni mbili, nayo ni imara sana. Ukiiongezea nyutroni moja, hapashiki. Heli-5 huvunjika papo hapo. Ukiiongezea mbili kwa pamoja, yapatikana heli-6, ambayo nusu yake huishi kwa karibu sekunde 0.8, muda ulio mrefu mno kwa mambo ya kiini. Nyutroni mbili peke yake hazishikamani, heli na nyutroni moja havishikamani, lakini watatu hao pamoja hushikamana. Sisi tunaotoka katika jiko la mafiga matatu hatuhitaji kuelezwa zaidi: ondoa figa moja, chungu kimeanguka.

La tatu si la kuchezea. Asilimia 99 na zaidi ya urani inayochimbwa ardhini ni urani-238, na 0.7 hivi tu ndiyo urani-235. Urani-235 ina nyutroni 143, yaani witiri. Ikimeza nyutroni moja iendayo polepole, jozi inakamilika, na nishati ya karibu megaelektrovolti 6.5 hufunguliwa ndani yake, ambayo yatosha kukipasua kiini. Urani-238 ina nyutroni 146. Ikimeza moja, mgeni anakuwa wa witiri, na nishati inayofunguliwa ni kama 4.8 tu, chini ya kiasi kinachohitajika. Niels Bohr alilitambua jambo hili mwaka 1939. Tofauti kati ya urani inayopasuka kwa urahisi na ile isiyopasuka, kwa sehemu kubwa, ni ile shilingi yetu moja ya jozi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kutengeneza silaha zao za kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, na bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitegemea isotopu hiyo ya witiri. Mwanafunzi wa darasa la saba aliyesikia habari za Hiroshima redioni anastahili kujua kwamba habari hiyo ina mguu mmoja katika udongo wa jirani zetu.

Kulirudia swali

Sasa turudi kwa yule msichana na wake zake wanne. Tulikosea wapi? Tulisema kwamba jozi ni protoni na nyutroni. Ni kweli kwamba protoni na nyutroni huvutana, tena kwa nguvu zaidi kuliko nyutroni mbili. Lakini katika viini vizito nyutroni ni nyingi kuliko protoni, na zile zilizo ukingoni mwa umati wake ziko katika njia zisizolaliana na za protoni za ukingoni. Kwa hiyo kila aina hupata jozi kwa wenziwe: protoni kwa protoni, nyutroni kwa nyutroni. Katika viini vichache ambavyo idadi ya protoni na ya nyutroni ni sawa, ndoa ya aina ile tuliyoisema huenda ina nafasi, nao watafiti wangali wakiitafuta alama yake. Hatukuwa tumesema uongo mtupu, basi. Tulikuwa tumechukua jambo la pembeni na kuliweka katikati, na katika kazi ya ualimu hilo hudhuru zaidi, kwa sababu haliumbuki upesi.

Kwa andalio la somo tunapendekeza vizibo vya soda vya rangi mbili, 26 vya rangi moja na 30 vya rangi nyingine. Mwalimu asiseme chochote kuhusu ndoa. Awaombe watoto wavipange viwili viwili, kila rangi kwa rangi yake, na wahesabu. Watapata jozi 13 za protoni na jozi 15 za nyutroni. Hakuna aliyebaki. Hiki ni chuma-56, ambacho ndicho sehemu kubwa ya chuma cha jembe, cha msumari na cha kengele ya shule.

Kisha awape kizibo kimoja zaidi cha nyutroni. Hicho nacho ni chuma halisi, chuma-57, kilicho kama asilimia 2 ya chuma chote cha asili. Kizibo cha 31 kitabaki mkononi mwa mtoto, naye atauliza akiweke wapi. Mwalimu asikimbilie kujibu. Amwachie akiweke mwenyewe juu ya dawati, penye jozi nyingine, aone kinaziba njia ya nani.